Goti Limekwama, Mama Watoto Hayupo

Tarehe 3 Machi

Mkwe wangu amekuja na gari kumchukua mke wangu. Binti yetu amejifungua mapacha, hajui ashike yupi kwanza, kwa hiyo bibi anatakiwa. Wamemchukua vile watu wanavyoazima ngazi: "Mzee, tutamrudisha upesi tu." Mimi ni fundi wa siku nyingi. Sijaona ngazi ya kuazimwa iliyorudi upesi.

Nimemuuliza mlangoni, "Unarudi lini?"

"Watoto wakikaza shingo."

"Kama shingo wamerithi kwako, zimekaza tangu tumboni."

Hajacheka. Amenirekebisha kola ya shati, akapanda gari.

Tarehe 5 Machi

Mvua. Kitanda kimekuwa kipana mno. Nalala upande wangu, upande wake nauheshimu.

Tarehe 8 Machi

Amepiga simu jioni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Wewe mzee!"

Nilikuwa nimejiandaa kuendelea, maana nikiitwa "wewe mzee" kwa sauti ile huwa nachangamka. Lakini pacha mmoja akalia, mwenzake akapokea, na mke wangu akasema "ngoja." Nikangoja mpaka simu ikakatika yenyewe. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Langu limeanza.

Tarehe 10 Machi

Leo nimepata akili. Maisha yangu yote nimeweka vigae kwenye nyumba za watu. Kuna watu wanatembea peku juu ya kazi yangu, hata jina langu hawalijui. Na chumbani kwangu mwenyewe sakafu ni saruji yenye nyufa. Mke wangu ameisema sakafu hiyo tangu tulipohamia. Juzi juzi aliacha kuisema, nikadhani nimeshinda. Sasa nafikiri alichoka.

Basi nitaiweka vigae. Nitamwambia kwa simu, "Njoo uone." Hapana, sitasema njoo. Nitasema, "Sakafu imekwisha," ninyamaze. Mwanamke mwenye macho hatangoja kuambiwa zaidi.

Nina vigae vya rangi ya maziwa, mabaki ya kazi mbalimbali, vinatosha chumba kimoja kwa kubana.

Tarehe 12 Machi

Nimehamisha kitanda sebuleni, nimesafisha chini, nimevuta uzi wa kunyooshea mistari. Mvua haikatiki. Kinyozi, jirani yangu, ambaye kibanda chake kinatazamana na dirisha langu, amechungulia: "Mzee, unaoa tena?" Nimemwambia naoa yule yule.

Tarehe 14 Machi

Leo nina mengi, na nayaandika nikiwa nimelala, kalamu inapanda kilima.

Fundi yeyote wa vigae, hata aliyeanza jana, anajua kwamba unaanza ukuta wa mbali, unarudi nyuma kuelekea mlangoni. Ukimaliza, umeshatoka. Mimi nimeanza mlangoni. Sababu ninayo. Vigae vyangu vizuri, visivyo na alama, vilikuwa vichache, nami nilitaka mke wangu akifungua tu mlango jicho lake litue kwenye vile vizima, vipande vya kuungaunga vibaki huko chini ya dirisha. Nikasema nikimaliza nitatokea dirishani. Dirisha lenyewe ni la chini. Ujana wangu nilitoka kwenye madirisha marefu zaidi ya hilo, tena kwa haraka.

Nikaenda vizuri. Gundi, kigae, nyundo ya mpira, pima maji, kigae kingine. Nimechuchumaa saa nyingi, chumba kizima kimegeuka maziwa mbele yangu, nami nimebakiwa na mstari mmoja chini ya dirisha. Boksi la mwisho lilikuwa nyuma yangu. Nikanyoosha mikono nyuma, nikalikumbatia, nikainuka huku nageuka. Mwili ukageuka. Mguu wa kulia ukakataa, umekanyaga pale pale. Ndani ya goti kukasikika *ta!* Si sauti kubwa. Kama mtu amevunja kijiti chumba cha pili.

Nikakaa kitako. Nikasema maneno ambayo sitayaandika, wajukuu watakuja kusoma. Kisha nikajaribu kunyoosha mguu, ukanyooka kidogo ukagoma, kama mlango uliowekewa jiwe kwa chini. Nikausukuma. Maumivu yakanionyesha nyota mchana.

Sasa piga picha: mbele yangu vigae vibichi mpaka mlangoni. Siku za mvua gundi haikauki upesi, ukikanyaga kigae kimoja kinazama, unavuruga ukoo mzima. Nyuma yangu dirisha, na mguu wa kulirukia hauko tayari. Nikakaa kwenye kisiwa changu. Nilifikiria kutambaa juu ya kazi. Nikaitazama ilivyolala sawa, nikashindwa.

Nikapiga mluzi. Kinyozi akaja na mwavuli, mkasi bado mkononi.

"Mzee, mbona umekaa kama kuku anayeatamia?"

"Goti limefunga."

"Limefunga nini?"

"Limefunga duka! Nitoe hapa."

"Ngoja nizunguke mlangoni."

"Ukikanyaga kigae changu nitakunyoa mimi wewe, na sitatumia maji!"

Amenitoa dirishani. Alinishika kwapani, mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa akanishika kiuno, wakanivuta kama gunia la mchele, mvua inaninyeshea usoni. Nusu kichwa akasema, "Pole babu," kwa huzuni sana, nikacheka mpaka nikaumia tena.

Kinyozi akatoa simu. "Nampigia mama."

"Ukimpigia, ujirani umekwisha."

"Mzee, mke ndiye wa kuambiwa kwanza!"

"Akiambiwa atakuja kuniuguza. Mimi sitaki muuguzi. Namtaka yeye aje kwa sababu ananitaka. Umeelewa au nikuchoree?"

Akanitazama, akaitia simu mfukoni. "Nimeelewa," akasema. Mtu mwema, ila mdomo wake ndio kazi yake. Kinyozi asiyesema hapati wateja.

Tarehe 15 Machi

Jana lilikuwa goti lililonuna. Leo limevimba, pia ya goti haionekani iko wapi. Kinyozi kalipaka dawa ya kuchua ya mamake. Linanuka, halinyooki.

Jioni simu.

"Habari za huko?"

"Mvua tu."

"Mvua tu?"

"Mvua tu. Na huko?"

 Akasema mapacha hawajambo, na kwamba amechoka, anakwenda kulala. Mapema vile!

Tarehe 18 Machi

Zahanati. Wamepiga picha ya eksirei. Mifupa mizima, wakanipa vidonge vya maumivu na kuniambia nipumzike, niweke barafu, nifunge bandeji, niinue mguu juu ya mto. Nimefurahi kwamba mifupa mizima. Goti halijafurahi nami.

Tarehe 21 Machi

Mvua. Barafu. Mguu juu ya mto wake.

Tarehe 23 Machi

Simu. Shingo zimeanza kukaza, anasema. 

"Basi?"

"Basi sasa wana mafua."

Tarehe 26 Machi

Kinyozi amenipeleka hospitali kubwa kwa daktari wa mifupa. Kijana, umri wa binti yangu, mikono ya baridi. Niliingia nimejitayarisha kumdharau, nimetoka nimemsamehe.

Hakukimbilia mashine. Aliniuliza ilikuwaje, kila kitu, kama karani wa mahakama.

"Mguu ulikuwa umekanyaga chini?"

"Umekanyaga."

"Goti limekunjwa?"

"Limekunjwa tangu asubuhi."

"Na mwili ukageuka, una mzigo."

"Boksi zima la vigae."

"Uvimbe ulikuja pale pale?"

"Ulilala kwanza, ukaja kesho yake."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia wimbo anaoujua. Akanilaza, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye mstari ambapo paja linakutana na muundi. Alipofika upande wa ndani nikaruka. "Hapo?" Nikamwambia hapo hapo, na asirudi. Akarudi. Kisha akashika kisigino, akakunja goti huku akiuzungusha unyayo, na ndani kukasema *kak*.

"Hilo ni gegedu, mzee," akasema. Kati ya mfupa wa paja na muundi, anasema, kuna vipande viwili vya gegedu, kimoja ndani, kimoja nje, vimepinda kama mwezi mchanga. Ndivyo vinavyobeba uzito mifupa isisagane. Kwa kijana ni kama mpira mpya, mpaka aumie uwanjani ndipo uchanike. Kwa mtu wa rika langu umekwisha kukauka, aliyechuchumaa maisha yake yote ndiye zaidi. "Wazee wengine huchanika wakiinuka kitandani tu."

"Basi afadhali nimechanika kazini. Ningechanika kitandani ningesingiziwa mambo."

Kinyozi alicheka mpaka akatolewa nje.

Gegedu halionekani kwenye eksirei, ndiyo maana kule zahanati walisema mzima. Ameniandikia kipimo cha mashine ya sumaku. Foleni yake ndefu. Nimepewa magongo mawili. Natembea kama panzi aliyekatwa mguu.

Tarehe 30 Machi

Mafua yamekwisha. Sasa binti ana homa ya maziwa. Hao wanyang'anyi wawili na mama yao wamekaa wakapanga.

Tarehe 2 Aprili

Nimefungua mlango wa chumba, nimesimama na magongo yangu kutazama. Vigae vimekauka sawasawa, vimelala kama maziwa kwenye sahani. Kule mwisho chini ya dirisha, mstari mmoja wa saruji tupu. Nimefunga mlango.

Nimenusa kanga yake iliyoko msumarini. Inaanza kunuka nyumba tu.

Tarehe 7 Aprili

Mashine ya sumaku ni shimo jeupe linalogonga kama mafundi kumi wasio na msimamizi. Unaambiwa usitikisike. Nimelala humo nikimfikiria mke wangu anavyokata kucha za miguu yake: amekaa ukingoni mwa kitanda, kidevu juu ya goti, ulimi umetoka kidogo pembeni. Sijui kwa nini nimekumbuka hilo na si jingine. Aliyekuwa akiongoza mashine ameniambia, "Umetulia vizuri, mzee." Sikuwa nimetulia. Nilikuwa sipo.

Tarehe 10 Aprili

Majibu. Gegedu la ndani limechanika kwa urefu, na kipande kimepinduka kikaingia katikati ya goti, kama mkono wa ndoo ulioangukia ndani ya ndoo. Ndicho kinachozuia mguu kunyooka. Daktari anasema waliochanika kwa uzee wengi hawapasuliwi, hupewa mazoezi tu, na wengi hupona. "Lakini goti lililofunga, mzee, halibembelezwi."

Nikamuuliza kama watalishona. Akasema ukingo wa nje wa gegedu una damu, ukishonwa hushika. Ule wa ndani hauna damu ya kutosha, na wangu umesagika. Atakata kile kipande kilicholegea tu, abakize kadiri inavyowezekana, maana kila kinachoondolewa mifupa itakidai baadaye.

Kisha akauliza, "Nyumbani yupo nani wa kukuangalia?"

"Yupo."

"Nani?"

"Yupo safarini."

Kinyozi akatazama dari. Tulipotoka alinifokea njia nzima. "Mficha maradhi kifo humuumbua! Utaingia kwenye kisu mkeo hajui?"

"Wewe ulikubali."

"Nilikubali nini? Nilisema nimeelewa!"

Tarehe 15 Aprili

Kesho napasuliwa. Amepiga yeye simu, na si siku yake ya kupiga. Sauti ilikuwa ndogo.

"Hujambo?"

"Sijambo kabisa."

"Hakuna unachotaka kuniambia?"

Kilinifika kooni. Kilikuwa neno fupi, herufi nne tu. Nikasema, "Mvua imepungua."

"Haya," akasema. "Lala salama, baba."

Tarehe 16 Aprili

Nimechomwa sindano ya ganzi mgongoni, kuanzia kiunoni nikawa wa mtu mwingine. Matundu mawili madogo, kamera upande mmoja, chombo cha kukatia upande wa pili. Nilimwomba daktari anionyeshe kwenye kioo cha runinga. Humo ndani ni peupe kama vigae vyangu! Na kipande kilichochanika kinapeperuka majini kama uzi wa shati kuukuu. Akakinyofoa kidogo kidogo, akapitisha chombo kulainisha ukingo. Kazi safi. Nilimwambia akichoka na udaktari aje nimfundishe vigae.

Kinyozi alikuwa ukumbini muda wote. Muuguzi anasema alikuwa hakauki kwenye simu. Wateja hao, hawana huruma.

Tarehe 17 Aprili

Nimerudi. MGUU UMENYOOKA. Nimelala nikiutazama kama mgeni wa heshima.

Kinyozi analala sebuleni sakafuni, anakoroma. Nilikuwa nikimwona mropokaji. Leo kaniosha miguu bila kusema neno.

Tarehe 24 Aprili

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi, mwenye saa kubwa. Nimempa jina Sajenti. "Babu, kaza paja! Sukuma goti chini! Kaza! Achia!" Anasema gegedu likipungua, misuli ya paja ndiyo itakayobeba badala yake. Nikamwambia paja langu lina kazi nyingine. Akasema, "Kwa hali hii, babu, halina kazi yoyote." Nimempenda.

Tarehe 28 Aprili

Kaza. Achia.

Tarehe 3 Mei

Gongo moja nimeliacha. Simu: wameanza kucheka, anasema. Ameniwekea simu karibu na mdomo wa mmoja wao nisikie. Nilisikia kweli. Kisha nikamsikia mke wangu naye anacheka kwa mbali, cheko lile la puani ambalo nilidhani ni langu peke yangu.

Tarehe 11 Mei

Sajenti amesema kuchuchumaa basi. Kupiga magoti kazini basi. Nikamwambia nimebakiza mstari mmoja tu. Akasema, "Mstari huo atauweka mwingine." Nimefika nyumbani, nimekaa sebuleni. Kinyozi akasema atajaribu yeye. Nikamwambia bora pabaki saruji.

Mvua nayo imekwisha. Kimya chake kibaya.

Tarehe 19 Mei

Nimetembea mpaka sokoni na kurudi, bila gongo, bila maumivu ya kuhesabika. Nikamnunulia sabuni anayoipenda. Nimefika nyumbani nimeiweka bafuni, nikaitazama, nikajiona mjinga. Sabuni haina mdomo. Sakafu haina mdomo. Nimekuwa nikitafuta kitu cha kusema badala yangu msimu mzima.

Tarehe 27 Mei

Nimempigia mimi. Mchana, jua linawaka, sina kisingizio cha mvua.

"Mama."

"Nipo."

"Rudi."

Nikadhani simu imekatika.

"Kwani goti limekwama tena?"

"Goti gani?"

"Lile lililopasuliwa. Kinyozi aliniambia siku ile ile ulipoumia, nguo zako hazijakauka."

"Yule mbwa! Kumbe unajua, na hukuja?"

"Nilifunga begi, baba. Nikakaa nalo mlangoni, simu mkononi. Nikasema akisema tu njoo, natoka na viatu visivyolingana. Ukapokea, ukaniambia habari za mvua." Akavuta pumzi. "Nikafungua begi. Siku ya kupasuliwa nikalifunga tena. Kinyozi ndiye aliyenisimulia yote, kutoka ukumbini. Nililia mpaka nikamwamshia binti watoto."

"Nilitaka uje kwa kunitaka. Si kwa kuniuguza."

"Na mimi nilitaka uniite. Tangu unioe mimi ndiye ninayejua wakati wa kurudi. Hujawahi kuniita hata mara moja, si sokoni, si msibani. Nikasema safari hii na nione."

Nilikuwa nimesimama. Nikaegemea ukuta, si kwa ajili ya goti.

"Basi sikiliza," nikamwambia. "Goti limepona. Natembea, najipikia, najifulia. Sakafu haijaisha na sitaimaliza. Sina ugonjwa wa kukuonyesha wala kitu kipya. Rudi tu."

"Sema tena."

"Rudi, mama. Nakutamani."

Kule upande wa pili watu wakapiga vigelegele.

"Nani hao?"

"Nimeiweka simu sauti ya juu," akasema. "Binti na mkweo wanakusalimia."

Mtu mzima mimi. Nimekata simu kwa aibu. Nimepiga tena papo hapo kuuliza anakuja siku gani.

Tarehe 31 Mei

Amekataa gari la mkwe. Atakuja na basi, mwenyewe.

Kinyozi ameninyoa bure. Sijamsamehe, nimemwambia wazi, na nimemshika mkono muda mrefu.

Tarehe 1 Juni

Nimefika kituoni mapema mno. Naandikia kwenye benchi. Mwuza maji kaniuliza namsubiri nani, nikamwambia mchumba. Akanitazama nywele, akanipa pongezi.

Basi la kwanza limeshusha wanafunzi. La pili limeshusha mama mwenye begi kama la kwake, ila uso ukawa wa mtu mwingine. Linakuja hilo lingine. Linakata kona, limejaa, kuna mkono umetoka dirishani na unapunga kabla hata haujajua kama nipo.

Nasimama.